Suala la Mashine Liko Mezani

Kwanza ulisikika mluzi. Ulikuwa mluzi mkali wa spika iliyosogezwa karibu mno na maikrofoni, ule unaowafanya watu wakunje nyuso na mbwa wahame mtaa. Baada ya mluzi kikafuata kikohozi. Baada ya kikohozi, kabla gari la matangazo halijakata kona likaonekana, ikasikika sauti yangu.

"Tangazo muhimu. Idara ya Uratibu wa Ukarimu inawajulisha wananchi wote kwamba Chakula cha Jioni cha Hisani kitafanyika Jumamosi hii, ukumbi wa shule, nyuma ya hospitali. Wananchi mnaombwa kufurahi kwa utulivu."

Sentensi ya mwisho niliitunga mwenyewe. Mkurugenzi aliisikia akiwa ofisini kwake, ghorofa ya juu, akaniita na kuniambia kwamba ina mizani. Anayeijua idara yetu ataelewa uzito wa sifa hiyo.

Wengi hawaijui. Wanadhani kazi yetu ni kutoa misaada. Hatujawahi kutoa msaada wowote. Msaada ukitoka kwa mtu ukaenda kwa mtu, mkono kwa mkono, bila mtu wa tatu kusimama katikati na kukagua, hiyo ni vurugu, hata kama wote wawili wameondoka wanacheka. Sisi ndio mtu wa tatu. Mimi binafsi ni Afisa Itifaki.

Walengwa wetu safari hii walikuwa kikundi cha watu wanaofua mashuka ya wagonjwa wasio na ndugu. Kiongozi wao mtaa mzima humwita Mama Sabuni. Ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Nilimweleza Mkurugenzi mapema kwamba pana mgongano wa maslahi, naye akanijibu kwamba mgongano hauna ubaya alimradi usipige kelele.

Shangazi alianza kufua mumewe alipolazwa. Kitanda cha jirani alikuwepo mzee ambaye hakuna aliyejua ametoka wapi, na shuka lake lilikaa hadi likawa na rangi ambayo sitaitaja katika maandishi rasmi. Shangazi akalibeba pamoja na la mumewe. Mume akafariki, mzee naye akafariki, shangazi akaendelea kufua. Wakajiunga wanawake wenzake wa mtaani, kisha fundi viatu mmoja aliyechoka kukaa, kisha mdogo wa marehemu mumewe, mpishi wa shule, ambaye watu wote humwita Shemeji kwa sababu shangazi humwita hivyo.

Hawalipwi. Jambo hili lilitusumbua sana idarani. Mtu asiyelipwa huwezi kumkata mshahara, huwezi kumhamisha, huwezi kumpa barua ya onyo. Kiutawala, mtu huyo hayupo. Lakini ukipita nyuma ya hospitali asubuhi unamkuta yupo, ameinama juu ya beseni, na povu limemfika viwikoni.

Tatizo lao lilikuwa moja. Hospitali iliwaazima chumba chenye bomba, kwa sharti kwamba kabla ya mwezi kwisha wawe wameweka mashine ya kufulia. Wasipoweka, chumba kinarudi kuwa stoo ya viti vibovu. Daktari mkuu hakuwa na roho mbaya. Mvua zilikuwa zimeanza, shuka la kufuliwa na kukamuliwa kwa mkono lilikuwa halikauki, na kule wodini wagonjwa walikuwa wanalazwa juu ya plastiki tupu ya godoro. Kwa kikundi kile, ilikuwa mashine au basi.

Shangazi akaamua kupika. Alitaka awaite majirani waje wale, kila mmoja atoe alichonacho, mashine inunuliwe, yaishe. Aliandika kadi kwa mkono wake, maneno machache tu: "Njooni mle, mchangie mashine." Kwa bahati nzuri moja ya kadi hizo ilifika mikononi mwa idara kabla madhara hayajatokea. Nikamwita ofisini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Hapa ofisini niite Afisa."

"Haya. Umekonda, Afisa."

Nikamweka kitini, nikamwonyesha kadi yake. Nikamweleza kwa upole kwamba lugha ile ni ya mtaani. Neno "mchangie" likisimama hivyo, limevaa shati tu bila koti, linamwendea mtu moja kwa moja mfukoni. Waheshimiwa hawajazoea kuendewa mfukoni. Nikampa kadi mpya, iliyochapwa, yenye nembo ya idara na kona za dhahabu: "Unaalikwa kwa heshima kushiriki dhifa na kuchangia katika suala la mashine."

Shangazi aliisoma akitikisa midomo. Akaigeuza nyuma, labda kuna jingine. Akairudia.

"Mbona mashine imesogea mbali?"

"Haijasogea. Imepewa suala."

"Suala linafua?"

"Shangazi, suala ndilo linaloifanya mashine ijadilike."

"Mimi sitaki ijadilike, mwanangu. Nataka izunguke."

Nilimsamehe. Kila taaluma ina ugumu wake kwa mtu wa nje.

Kamati ya Maandalizi ilianza vikao mara moja. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa kawaida: meza kuu moja mbele, na meza ndogondogo za watu wa kuchangia. Lakini kila mjumbe wa kamati alikuwa mkuu wa kitu. Palikuwa na Mkuu wa Kitengo cha Shukrani, Mkuu wa Kitengo cha Mapokezi, Kaimu Mkuu wa Makofi, na kila mkuu alikuwa na naibu, na kila naibu alikuwa na kinyongo. Ukimweka mkuu mmoja meza kuu na mwingine ukamweka pembeni, huyo wa pembeni anaacha kukusalimia mpaka mmoja wenu ahamishwe. Kwa hiyo meza kuu ikarefushwa. Ikafika dirishani. Ikakata kona, ikapita mbele ya ubao wa kuandikia, ikakata kona nyingine, na siku moja kabla ya shughuli ikazunguka ukumbi wote na kurudi kukutana na mwanzo wake. Hapakubaki meza isiyokuwa kuu. Mkurugenzi alipoingia kukagua alisimama katikati, akajizungusha taratibu, akasema huu ndio usawa aliokuwa akiuota siku zote.

Shangazi alikuwa anadeki. Akainuka, mkono kiunoni.

"Na sisi kikundi tutakaa wapi, Afisa?"

"Nyinyi ni watu wa kujitolea, shangazi. Mtu akikaa anakuwa hajitolei tena."

"Na watu watakaokuja kutoa?"

"Hao watapangiwa utaratibu."

Akaendelea kudeki, na alipofika nilipokuwa nimesimama hakuniomba nisogee. Alinidekia viatu.

Jumamosi ikafika. Mimi nilisimama mlangoni na suti yangu ya kijivu. Wa kwanza kuja alikuwa fundi cherehani wa mtaa ule, mikononi ana bahasha.

"Una cheo gani?" nikamuuliza.

"Nina bahasha."

"Bahasha si cheo."

Nyuma yake alikuwepo muuza mkaa, amenawa mpaka shingoni, shati limepigwa pasi. Akasema mdogo wake alilazwa pale na kina mama hawa ndio waliomfulia. "Mimi hata sili, mkubwa. Nitoe tu, nigeuze." Nikamweleza kwamba kutoa bila kula kungevuruga mtiririko wa shughuli. Akauliza mtiririko ni nini. Fundi cherehani akamshika bega, akamwambia, "Twende zetu, ndugu yangu. Huyu ameambiwa asimame hapo na yeye kasimama." Wakaondoka na bahasha zao, na wengine waliokuwa wakija wakakutana nao njiani, wakageuza pia. Nilifurahi kuona umma unavyoelewa taratibu haraka.

Baada ya hapo walifika wenye vyeo, na ukumbi ukajaa. Kiti kimoja kilikaliwa na mwenye duka la vyombo vya umeme lililo ng'ambo ya barabara, anayeuza majokofu, majiko na mashine za kufulia zilizopangwa dirishani na kufunikwa nailoni. Huyu hakuwa mkuu wa chochote, lakini tulimwalika kama Mdau. Mdau ni mtu ambaye hatuna jina lingine la kumwita na hatutaki akasirike.

Jikoni palikuwa nyuma ya mlango mmoja tu, na harufu haikuwa na itifaki. Ilipita chini ya mlango, ikazunguka meza kuu yote, ikarudi. Ieleweke kwamba kwa desturi ya idara yetu, afisa akialikwa dhifa jioni hali kitu mchana. Wengine hawali tangu jana yake. Wanaita kujipanga. Nilimwona Naibu wa Shukrani amefumba macho, puani anavuta kama mtu aliyepewa ua.

Lakini kadi ilisema kuchangia, na sisi ni watu wa kufuata kadi.

Mkuu wa Kitengo cha Shukrani akainuka kwanza. "Nami naomba nichangie machache katika suala la mashine." Akawashukuru wote watakaotoa, popote walipo. Kaimu Mkuu wa Makofi akachangia kwamba mashine ni muhimu, na akatoa mfano wa vitu vingine ambavyo pia ni muhimu. Mkuu wa Mapokezi akachangia kwa kukubaliana na waliotangulia. Kila aliyemaliza alipigiwa makofi na kuketi, uso umetulia kama wa mtu aliyelipa deni.

Mdau naye hakukubali kuachwa. Akajenga hoja kwamba zamani watu walifua mtoni, kwa mawe, na hawakulalamika. "Lakini dunia imebadilika," akasema. "Siku hizi kuna mashine ambayo unaweka nguo, unabonyeza, unakwenda zako. Inafua, inakamua, inakuita kwa mlio. Ninazo dukani. Kwa hayo machache, niseme nipo pamoja na kikundi hiki."

Shangazi alikuwa amesimama ukutani na wenzake. Nilimwona anamgeukia fundi viatu.

"Huyu kasema anazo?"

"Kasema."

"Na kasema anatoa?"

"Kasema yupo pamoja nasi."

"Ah. Kaja yeye, kaziacha zenyewe."

Mwisho akainuka Mkurugenzi. Alikuwa na shati jeupe jipya, jeupe hasa, la kutia macho maji. Ukumbi ukanyamaza. Hata mimi, niliyemwandikia ile hotuba, nilinyamaza.

"Mama zangu," akasema, "suala la mashine ni suala mtambuka. Linagusa maji, linagusa umeme, linagusa sabuni. Kiongozi mzembe angekurupuka akawapa mashine. Mimi sikurupuki. Lakini nataka leo mlale usingizi mzito. Suala la mashine liko mezani kwangu."

Makofi yalikuwa ya kiwango cha juu. Kaimu Mkuu wa Makofi alifuta machozi.

Nikashika maikrofoni. "Sasa kwa heshima na taadhima, tunamwomba mpishi atuletee chakula."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka Shemeji, aproni kifuani, mwiko mkononi. Sufuria hakuja nayo. Alitembea hadi katikati ya ukumbi, akaipokea maikrofoni kutoka mkononi mwangu kabla sijajua kama nimempa, akaigonga kwa kidole.

"Mheshimiwa Mkurugenzi. Meza kuu yote mliojizungusha. Itifaki imezingatiwa. Nami naomba nichangie machache katika suala la chakula."

Watu wakatabasamu. Kaimu Mkuu wa Makofi akapiga mawili ya kumtia moyo.

"Suala la chakula ni mtambuka," Shemeji akaendelea. "Linagusa wali, linagusa nyama, linagusa kabichi. Tukianza na wali, umeiva. Punje imesimama yenyewe, haijamlalia mwenzake. Nikifunua kifuniko mvuke unanipiga usoni, inabidi nigeuke. Nyama iko motoni tangu asubuhi. Sasa hivi ukiigusa kwa mwiko inauachia mfupa bila ugomvi. Mchuzi ni mzito. Kuna kitunguu humo nilikikaanga taratibu mpaka kikageuka rangi, na kuna mafuta yamepanda juu, mekundu, yanatetemeka. Viazi vimepasuka kidogo ubavuni, na mchuzi umeingia humo kwenye nyufa. Wapo watakaouliza, na kabichi je? Kabichi haikuachwa nyuma. Kwa hayo machache, niseme jikoni tupo pamoja nanyi. Asanteni sana."

Akanirudishia maikrofoni, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Makofi yalilipuka kwa mazoea. Kisha yakapungua. Mwishowe akabaki Naibu mmoja anapiga peke yake, akajisikia, akaacha.

"Afisa," Mkurugenzi akaniita kwa sauti ya chini. "Chakula kiko wapi?"

Nikamfuata shangazi pale ukutani. "Shangazi, mnafanya nini?"

"Tunachangia katika suala. Si ndivyo ulivyoandika? Kadi yako ina kona za dhahabu, mimi nani niipinge."

"Watu wana njaa."

"Najua. Shemeji kaeleza vizuri, hata mimi nimepata njaa."

Hakungoja nimjibu. Akajifuta mikono kwenye kanga, akatembea mwenyewe hadi mbele ya Mkurugenzi, akapiga goti kidogo kwa heshima. Mikono yake ilikuwa imepasuka katikati ya vidole, ngozi nyeupe kama ya mtu aliyekaa majini, na aliiweka juu ya kitambaa cha meza, hapo hapo mbele ya sahani tupu.

"Mheshimiwa, samahani kwa kukatiza. Umetuambia mashine iko mezani kwako."

"Ndiyo, mama. Iko mezani."

"Chakula nacho kiko jikoni kwangu. Basi mimi nimefikiri, mwanangu, kwa akili yangu hii ya beseni. Wewe toa la mezani, mimi nitoe la jikoni."

Mkurugenzi akacheka. Akawatazama waheshimiwa wenzake ili nao wacheke, wakacheka. Harufu ikapita tena. Kicheko kikaisha.

"Mama, mambo haya yana mchakato."

"Hata wali una mchakato, mheshimiwa. Uko hatua za mwisho. Usipopakuliwa unaingia hatua nyingine, inaitwa ukoko."

"Unataka kusema hatutakula?"

"Mimi sijasema hivyo, baba. Naweza? Mtakula. Nataka mkae kwa amani kabisa. Suala lenu linafanyiwa kazi."

Hapakuwa na neno hata moja katika maneno hayo ambalo idara yetu ingeweza kulipinga. Yote yalikuwa yetu. Nilimtazama Mkurugenzi, nikaona jinsi alivyokuwa anapiga hesabu. Kuondoka hawezi: mpiga picha wa idara alikuwa pale, na kwa mujibu wa mwongozo, dhifa isiyo na picha ya mheshimiwa akitia kijiko mdomoni inahesabika haikufanyika. Kubaki bila kula nako hawezi, kwa maana alikuwa amejipanga tangu juzi.

Akageuza shingo taratibu kumwelekea Mdau.

"Ndugu mdau. Ulisema unazo dukani."

Mdau akashtuka. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa nachangia mawazo."

"Mawazo tumeyapokea. Sasa tuletee yenye waya."

"Na malipo?"

"Idara italipa."

"Lini, mheshimiwa?"

Mkurugenzi akamwekea mkono begani, kwa upendo. "Suala la malipo," akasema, "liko mezani kwangu."

Hivyo ndivyo Mdau alivyovuka barabara na funguo zake, akinung'unika, huku nyuma yake wakifuata fundi viatu na wanawake wa kikundi. Waheshimiwa wote wakasogea madirishani. Mashine ilitoka juu ya mkokoteni ikiwa bado imevaa nailoni, ikakatiza barabara kwa heshima kuliko msafara wowote niliowahi kuusimamia. Muuza mkaa, aliyekuwa bado amesimama ng'ambo na bahasha yake, akatia bega upande mmoja. Wakaipeleka moja kwa moja kwenye kile chumba cha hospitali, kinachotazamana na jikoni, wakaunganisha bomba, wakachomeka waya. Shangazi alisubiri mpaka taa ndogo ilipowaka. Kisha akatoa kichwa dirishani, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Shemeji, pakua."

Sijawahi kuona meza kuu ikila namna ile. Hakuna aliyesubiri mkubwa aanze. Kijiko kilikuwa kinagonga sahani kabla sahani haijagonga meza. Mkurugenzi mwenyewe alikula kimyakimya, ameinama, na mpiga picha alipomwambia "Mheshimiwa, angalia huku," aliinua uso ghafla, kiazi kikateleza kutoka kijikoni, kikashuka kifuani polepole, kikiacha njia nyekundu kutoka kola hadi mkanda.

Mtu mwingine angeomba radhi akaondoka. Lakini aliposhiba, uongozi ulimrudia. Akakumbuka kwamba mashine haijazinduliwa, na mashine isiyozinduliwa kisheria haifui, inazunguka tu. Tukaenda chumbani wote tulioweza kuenea. Nikafunga utepe. Akakata. Akanyoosha kidole kubonyeza, kidole kikabaki hewani.

"Humo ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mheshimiwa," akasema shangazi. "Mashuka yote tumeyafua asubuhi, kwa mkono. Yapo kwenye kamba."

"Siwezi kuzindua mashine tupu. Leteni kitu kichafu."

Tukatazamana. Chumba kile kilikuwa kisafi kuliko ofisi zote za idara. Wanawake wakatafuta huku na huku, wakakosa hata kitambaa cha sahani. Kisha, bila mtu kupanga, macho yote yakasogea na kutua sehemu moja, juu ya lile shati.

"Vua, baba," shangazi akasema kwa upole. "Mchuzi ukikaukia hautoki."

Alivua. Chini ya shati palikuwa na fulana iliyochoka, shingo imelegea, ubavuni ina matundu ambayo mtu angeweza kupitisha kidole. Mabega yake yalikuwa membamba. Nadhani hakuna mtu idarani aliyewahi kujua kwamba Mkurugenzi ana mabega membamba. Koti la ofisini ndilo lililokuwa na mabega. Itifaki haina kifungu kuhusu fulana, kwa hiyo wakuu wote wakaangalia dari. Mpiga picha aliniuliza kwa macho kama apige. Ningepaswa kukataa. Nilikuwa naangalia dari.

Mashine ikaanza kuzunguka. Watu wakatawanyika kurudi ukumbini, kulikobaki viazi. Mkurugenzi hakuweza kwenda, hakuwa na shati. Akakaa juu ya beseni lililogeuzwa, mikono kifuani, akitazama mchuzi wake ukizunguka nyuma ya kioo. Upande wa pili wa ukuta ndio wodini. Mtu alikuwa anakohoa, anapumzika, anakohoa tena.

"Hao mnaowafulia," akasema baadaye, "wasio na mtu. Huwa ni watu gani hasa?"

"Watu tu," akasema shangazi, akiwa anakunja mashuka machache aliyoyaanua kambani. "Kuna waliokuwa wapagazi. Kuna mwalimu mmoja. Huyo anayekohoa alikuwa mkurugenzi."

"Wa wapi?"

"Wa kwako pale. Aliyekutangulia."

"Haiwezekani. Yule tulimwaga kwa sherehe. Tulimpa saa ya ukutani."

"Anayo. Ipo kwenye kabati la kitanda. Kila nikienda kubadilisha shuka ananiambia yuko njiani kupona, watu wa idara watakuja kumwona, suala lake linashughulikiwa." Akalilaza shuka, akalipiga pasi kwa kiganja. "Mimi namwambia ndiyo, mzee, linashughulikiwa. Halafu namgeuza ubavu."

Mkurugenzi alinitazama mimi, kwa mara ya kwanza bila kuniagiza kitu, na mimi sikuwa na sentensi yoyote ya kumtungia. Akajaribu kuivuta fulana izibe tundu la ubavuni. Likafunguka la upande wa pili.

Shangazi akaweka shuka chini. Akamsogelea, akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono wake laini kwa mkono wake uliopasuka, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kule kwenye viazi, kama wanavyofanya waheshimiwa wakiwa jukwaani:

"Mheshimiwa, nakuahidi, na huyu mtoto wa kaka yangu ni shahidi. Siku ukilazwa hapa, hata kama cheo kimekwisha na watu wameacha kukupigia simu, shuka lako nitalifua mimi mwenyewe. Halitakaa mezani kwa mtu."